Nyimbo 140 za kwaya, WMA na AMR: tuzigeuze vipi kuwa MP3?

Swali limetoka Tukuyu: "Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kwaya. Kwenye kompyuta yetu tuna nyimbo 140 zilizoingizwa kutoka kwenye CD zetu miaka mingi iliyopita, zote ni WMA. Tuna pia rekodi tisa za marehemu mwalimu wetu wa kwaya akifundisha sauti. Mwanakwaya mmoja alizirekodi kwa simu ya batani, na hizo ni AMR. Watu wanataka vyote viwe MP3 ili wapige kwenye sabufa na kwenye gari. Kijana wa stesheneri alizigeuza zote kuwa MP3 za 320, akasema huo ndio ubora wa juu kabisa. Sasa flashi imejaa, na baadhi ya nyimbo zinasikika kama watu wanaimba chini ya maji. Je, kugeuza ndiko kulikoharibu? Tugeuze tena kwa programu nyingine? Na sauti ya mwalimu inaweza kusafishwa ikawa kama ya studio?"

Marahaba katibu, na poleni sana kwa kuondokewa na mwalimu wenu.

Kabla ya lolote, usifute WMA hata moja wala AMR hata moja. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona kwaya zikipoteza kazi zao kwa njia hiyohiyo. Mtu anageuza nyimbo, anaona MP3 zinapiga vizuri, anafuta za zamani apate nafasi, na mwaka unaofuata anagundua kuwa alichofuta ndicho kilichokuwa mali. Leo hii nakili folda nzima ya WMA pamoja na zile rekodi tisa kwenye flashi isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote, na nakala ya pili ikae kwenye kompyuta ya mtu mwingine, nyumba nyingine. Kama WMA zenu ni za kilobiti 128 kwa sekunde (yaani nafasi ambayo kila sekunde ya sauti inachukua), kama zilivyokuwa nyingi za enzi zile, nyimbo 140 za dakika nne nne hazifiki MB 550. Za mwalimu ni ndogo mno, AMR ya dakika nzima haifiki hata KB 100. Vyote vinaingia kwenye flashi ndogo kabisa inayouzwa dukani.

Sasa jibu. Ndiyo, kugeuza kunaharibu, ila sidhani kama 320 ya yule kijana ndiyo iliyoleta hayo maji unayoyasikia. Na hapana, msizigeuze tena hizo MP3 alizotengeneza. Rudini kwenye WMA, au bora zaidi rudini kwenye CD zenyewe.

Ili uweze kuwaeleza wenzako, naomba nikupeleke ndani kidogo.

CD inahifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani MB 10 na nusu hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 42. WMA ya wimbo huohuo haifiki hata MB 4. Sehemu kumi kati ya kumi na moja zimekwenda wapi?

Zimetupwa, na zimetupwa kwa akili. Simama pale Mafiati, Mbeya, pembeni ya barabara kuu, mwenzako akikunong'oneza jambo. Likipita lori la mizigo, humsikii. Mdomo wake bado unatikisika na sauti bado inatoka, ila sikio lako limeshikwa na lori. Na hata likishapita, kwa kitambo kidogo mno sikio halijarudi sawa. Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer na wenzao waliotengeneza MP3, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1993, walijenga kazi yao juu ya udhaifu huo wa sikio. Programu inasikiliza wimbo kipande kwa kipande, inatafuta ni sauti ipi imefunikwa na ipi, kisha zile zilizofunikwa inaziandika kwa ovyoovyo au haiziandiki kabisa. WMA, AAC ya kwenye simu na Opus ya kwenye WhatsApp zote zinafuata wazo hilo, kila moja kwa mahesabu yake.

Hapo kwenye "kila moja kwa mahesabu yake" ndipo penye shida yenu. Mpe mtu kiazi cha Isyonje akimenye. Atatoa ganda na nyama kidogo iliyoshikana na ganda. Kisha mpe mtu wa pili kiazi hichohicho, usimwambie kwamba kimeshamenywa, naye akimenye kwa kisu chake. Hatauliza ganda liko wapi. Atakata nyama. Programu ya kubana sauti haina njia ya kujua kwamba faili uliloipa limeshapita kwenye kisu. Inadhani ndiyo sauti kamili, na inaanza kutafuta cha kutupa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mbali na kutupa, programu inakadiria. Namba ndefu inaifanya fupi ili ichukue nafasi ndogo. Chukua parachichi zenye thamani ya shilingi 1,360. Mnunuzi wa kwanza anakadiria kwa mamia, anaandika 1,400. Wa pili anakadiria kwa mia mbili na hamsini hamsini, naye mkononi ana ile 1,400 tu, anaandika 1,500. Angepewa 1,360 yenyewe angeandika 1,250, na kosa lingekuwa shilingi 110 badala ya 140. Kosa la kwanza lilimsukuma wa pili kwenye kosa kubwa zaidi. Sasa fanya hivyo kwa mamia ya namba ndani ya kipande kimoja cha sauti, na katika MP3 ya kawaida kipande kinachukua sehemu 26 hivi za elfu ya sekunde. Vipande vya WMA havianzii pale vinapoanzia vya MP3, wala urefu wao haulingani. Ukungu ulioachwa na makadirio ya kwanza unaonekana kwa programu ya pili kama sehemu ya muziki, nayo inatumia biti zake kuutunza huo ukungu huku ikipunguza sauti za watu.

Wa kwanza kuumia ni kayamba. Nikipewa wimbo wa kwaya nikaambiwa nipime kama umegeuzwa mara nyingi, sisikilizi waimbaji kwanza, nasikiliza kayamba, makofi na vigelegele. Kayamba kamili ni mvua ya punje, kila punje na mwanzo wake mkali. Ukungu wa makadirio unasambaa kwenye kipande kizima, hata kwenye ule muda mfupi kabla punje haijagonga, kwa hiyo kila pigo linakuja na pumzi mbele yake: badala ya "cha-cha-cha" unasikia "fsha-fsha-fsha". Baada ya kayamba zinafuata herufi za "s" na "sh" kwenye maneno. Sauti ya besi na kinanda vinavumilia muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu mtu anayesikiliza kwenye sabufa iliyoongezwa besi anaweza asione tatizo lolote mpaka avae hedifoni.

Kuhusu 320. Namba hiyo inaeleza faili linachukua nafasi kiasi gani kwa kila sekunde. Haielezi sauti iliyomo ni nzuri kiasi gani. MP3 ya kilobiti 320 inakula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo zenu 140 zimetoka kwenye MB 540 hivi na kufika GB 1.3, bila punje moja ya kayamba kurudi. Ndiyo maana flashi imejaa. Ila nimtetee kijana wenu kidogo. Kama alichukua WMA moja kwa moja akazigeuza mara moja tu kwa 320, basi alizigusa kwa kisu chepesi kuliko vyote, kwa sababu kwenye 320 programu ina nafasi kubwa na haikati kwa nguvu. Angezigeuza kwa 128, ambayo ndiyo inayokuja yenyewe kwenye programu nyingi za simu, mngesikia tofauti kubwa zaidi. Alichokosea ni kuamini kwamba 320 inapandisha ubora.

Maji yametoka wapi basi? Chunguza hivi. Chagua wimbo mmoja unaosikika vibaya, wenye kayamba. Ifungue WMA yake ya zamani, vaa hedifoni za waya, sikiliza sekunde kumi zilezile kwenye WMA kisha kwenye MP3. Usitumie spika ya bluetooth kwa kipimo hiki, kwa sababu bluetooth nayo hubana sauti njiani kabla haijafika kwenye spika, na utashindwa kujua kosa ni la nani. Maji yakiwepo kwenye WMA, ujue waliokosea ni walioingiza CD miaka ile. Yasipokuwepo, basi kati ya WMA na MP3 palikuwa na hatua ya katikati ambayo hamjaambiwa. Mara nyingi ninachokikuta ni hiki: mtu alihamisha nyimbo kupitia simu, programu ya simu ikazibana kwa kilobiti 64, kisha zikabanwa upya kwa 320 ili zionekane nzuri.

Hilo unaweza hata kuliona kwa macho. Pakua Audacity, ni ya bure, fungua MP3 hiyo, na kwenye menyu ya mkondo wa sauti chagua mwonekano wa spektrogramu, yaani picha ya sauti. Sauti nene zinakaa chini, nyembamba zinapanda juu. Wimbo uliotoka kwenye CD nzuri una rangi inayopanda mpaka karibu na kilohezi 20 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Uliopita kwenye 128 mara nyingi unakatika kwenye 16 hivi, umenyooka kama dari lililopigwa ubao. Ukiona dari liko kwenye 11, hapo sauti ilipunguzwa vipimo mpaka 22,050 kwa sekunde, na hakuna namba yoyote ya 320 itakayolipandisha. Tahadhari moja: nyimbo zilizotoka kwenye kanda za zamani zina dari la chini kwa asili yake, ila dari lake linafifia taratibu, halikatiki kama kwa kisu.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuumia. Nilirekodi kwaya moja ya upande wa Kiwira enzi ambazo kompyuta yangu ilikuwa na diski ya GB 40 tu. Nikawatengenezea MP3 za 128, nikafuta WAV, yaani rekodi kamili zisizobanwa, kupata nafasi ya kazi nyingine. Miaka mitatu baadaye wakapata mtu wa kuwachapishia CD, wakaniomba nyimbo kamili. Sikuwa nazo. Nikazifungua zile MP3, nikazirekebisha, nikazitoa, na kwenye CD ile kuna wimbo ambao mama mmoja anapiga kigelegele kirefu kizuri sana, na kwenye nakala iliyochapishwa kigelegele kile kinatetemeka kama taa ya jenereta. Mama yule alikuja kuchukua CD yake kwa furaha. Sijasahau.

Sasa mfanye nini. Kwanza hakikisheni kama kugeuza kunahitajika. Tazama usoni mwa sabufa yenu, pale palipo na tundu la flashi. Nyingi zimeandikwa "MP3/WMA", na redio nyingi za magari pia. Weka WMA tatu kwenye flashi, uzijaribu. Zikipiga, nusu ya kazi yenu imekwisha bila kupoteza chochote. Simu za wanakwaya nazo nyingi zitapiga WMA kwa kutumia programu ya bure ya VLC. Kugeuza kuzuri kuliko kote ni kule usikokufanya.

Ikiwa kuna vyombo visivyosoma WMA, geuzeni kutoka WMA ya kwanza, mara moja, na kisu kiwe chepesi. Kwa MP3 natumia LAME, programu ya kutengeneza MP3, ambayo siku hizi inakuja ndani ya Audacity. Kwa nyimbo 140, hata hivyo, Audacity itakuchosha, na kufungua WMA inakutaka uongeze vifaa vya FFmpeg. Afadhali utumie FFmpeg yenyewe. Haina vitufe vya kubofya, unaiandikia amri, lakini amri ni moja tu kwa folda nzima. Ukiwa kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) ndani ya folda ya nakala (nakala, si folda mama), uandike:

for %f in (*.wma) do ffmpeg -i "%f" -q:a 2 "%~nf.mp3"

Ile "-q:a 2" inaiambia LAME ilenge ubora badala ya kujaza namba. Penye sauti nyingi itatumia biti nyingi, penye kimya itatumia chache, na wastani utazunguka kwenye 190. Skeli inaanzia 0, ambayo ni bora kabisa, na kadiri namba inavyopanda ubora unashuka. Kwa chanzo cha WMA ya 128 sioni sababu ya kuvuka hapo. Nyimbo zenu zote zitakuwa karibu MB 800, na hata kwa hedifoni itakuwia vigumu kuitofautisha na WMA iliyozaa. Amri ile haigusi WMA, inatengeneza faili jipya pembeni yake. Faili likikataa kufunguka kabisa, inawezekana lilifungwa na kinga ya kunakili, ambayo programu ya Windows ya wakati ule iliweza kuiweka wakati wa kuingiza CD. Hilo dawa yake ni CD tu.

Katibu, kuna mengine madogo ambayo najua yatakukuta, ngoja niyaseme harakaharaka. Kubadilisha jina la faili kutoka .amr kuwa .mp3 si kugeuza, ni kubadilisha kibao cha duka huku bidhaa ni zilezile, na sabufa itakataa. Wimbo ukiwa na sauti ndogo, msiufungue mkaongeza sauti mkautoa upya. Tumieni MP3Gain, ambayo inabadilisha namba ya ukubwa wa sauti ndani ya MP3 bila kuibana tena, na unaweza kuirudisha ilivyokuwa. Kukata matangazo mwanzoni au mwishoni, kuna mp3DirectCut, nayo inakata bila kubana upya. Nyimbo zenu zilizoko YouTube msizipakue kama MP3 mkidhani mnapata za asili: YouTube haina MP3, inatoa AAC au Opus, kwa hiyo kila tovuti inayokupa MP3 imeshageuza kabla hujapakua. Na mkirushiana nyimbo kwenye WhatsApp, tumeni kama dokumenti, ili faili lifike kama lilivyoondoka.

Mkiwa na video za kwaya za MP4, sauti iliyomo kwa kawaida ni AAC, na inaweza kutolewa bila kugeuzwa kabisa:

ffmpeg -i video.mp4 -vn -c:a copy wimbo.m4a

Neno "copy" ndilo muhimu. Linaichukua sauti ilivyo na kuiweka kwenye chombo kingine, na kazi inaisha kwa sekunde chache kwa sababu hakuna kinachokokotolewa.

Nije kwa mwalimu.

AMR haikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Ilichaguliwa mwaka 1999 kwa ajili ya kuzungumza kwenye simu za mkononi, na kwa kiwango chake cha juu kabisa inatumia kilobiti 12.2 kwa sekunde. Inapima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo hakuna kitu juu ya kilohezi 4. Zaidi ya hapo, njia yake ni tofauti na ya MP3. Haiandiki sauti ilivyosikika, inaeleza koo na mdomo wa msemaji: koo limetikisika hivi, mdomo umekaa hivi, na inafanya hivyo kila baada ya sehemu 20 za elfu ya sekunde. Simu inayoipiga rekodi inasoma maelezo hayo na kuiunda sauti upya. Ndiyo maana, nina hakika umeshaliona hili, mwalimu anapoimba peke yake "do mi so" unamtambua mara moja, na kwaya nzima inapomjibu unasikia kama nyuki ndani ya mzinga. AMR inatafuta koo moja, na pale kuna makoo thelathini.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana, haiwezi kuwa kama ya studio. Kilichokuwa juu ya kilohezi 4 hakikuingia kwenye simu siku ile. Kinachowezekana ni kuifanya isikilizike kwa raha. Igeuze kwanza kuwa WAV, ambayo haibani, ufanye marekebisho yote humo:

ffmpeg -i mwalimu1.amr -ar 44100 mwalimu1.wav

Kisha kwenye Audacity ondoa mngurumo ulio chini ya hezi 100, ongeza sauti mpaka itoshe, na kama kuna mvumo wa upepo punguza kwa mkono mwepesi sana. Hapa kuwa mwangalifu, kwa sababu kifaa cha kupunguza kelele nacho, kikizidishwa, kinaleta yaleyale maji mnayoyalalamikia. Nikiona kimepewa dakika mbili za kazi na mtu mwenye haraka, huwa najua nitakachokisikia. Ukimaliza, toa MP3 ya mkondo mmoja (mono), kilobiti 64 kwa sekunde, vipimo 44,100, kwa sababu sabufa nyingine zinakataa MP3 ya vipimo 8,000. Inatosha kabisa kwa sauti ya namna hiyo.

Utaambiwa kuna programu mpya za akili bandia zinazorudisha sauti ya zamani ikawa safi. Nimezijaribu. Zinafanya kazi ya ajabu kwa mtangazaji au mhubiri ambaye yupo hai na anaweza kusema "sivyo nilivyosema". Zile sauti za juu zinazoongezwa hazikutoka kwa mwalimu wenu, zimebuniwa kutokana na sauti za watu wengine wengi. Mnaweza kupata sauti safi ya mtu anayefanana naye sana. Mimi kwa mzazi wangu nisingekubali, na AMR zenyewe, zile tisa kama zilivyotoka kwenye simu, ningezitunza nje ya kila marekebisho. Mtafuteni pia huyo mwanakwaya mwenye simu ya batani. Ikiwa simu ipo na memori kadi imo, nakili tena kutoka huko, kwa sababu hujui rekodi ulizonazo zilipita mikono mingapi kabla hazijakufikia.

Na CD. WMA zenu zilizaliwa na CD, na CD hizo zilikuwa na kilobiti 1,411 kwa sekunde. Hata moja tu ikipatikana kwenye kabati la mtu, kazi yote niliyoeleza juu kwa nyimbo za CD hiyo haihitajiki tena: mnaingiza upya kwenye FLAC, ambayo inabana bila kutupa chochote na kushusha ukubwa mpaka karibu nusu, halafu MP3 ya sabufa mnaitoa humo, kisu kimoja tu. Fre:ac inaifanya kazi hiyo bure. Ulizeni ibadani, ulizeni wale waliohamia Mbalizi na Kyela, ulizeni na studio iliyowarekodi kama bado wana WAV. CD ikiwa na vumbi au alama za vidole, usiifute kwa kuzungusha kama sahani. Chukua kitambaa laini cha pamba chenye unyevu kidogo, anzia kwenye tundu la katikati, uvute moja kwa moja kwenda ukingoni, kidogokidogo, mpaka uimalize yote, uiache ikauke kivulini kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta.